Sentensi ya Mlangoni

Pale kwenye kiwanda cha magodoro wasimamizi walimwita Mama Asali, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kazi yake katika ofisi ya utumishi ilikuwa kuwafundisha namna ya kumwambia mtu kwamba mshahara wake haupandi, na mtu atoke bila kubamiza mlango. Miaka kumi na moja amewafundisha vizuri, vizuri mno.

Anza na shukrani. Taja kazi moja aliyoifanya, uitaje hasa. Toa uamuzi kwa sentensi moja, kisha funga mdomo. Ile ya haki ya kukata rufaa, ambayo lazima itajwe, bosi aliagiza isemwe mwisho, watu wakishasimama. Mama Asali alibisha siku mbili, akanywea. Ana watoto wa kulisha.

Mdogo wake wa mwisho alifanya kazi humo humo. Kwenye karatasi ni mpakiaji; kweli yenyewe, huu mwaka wa tatu anaendesha mashine ya kukata sponji. Safari hii aliapa wampe mshahara wa fundi, la sivyo patachimbika. Dada mtu alijua rufaa angeshinda, maana daftari la mashine lina saini yake kila siku. Lakini mtu wa utumishi akimdokezea ndugu yake, anafungasha virago. Akanyamaza, akijipa moyo kwamba akiambiwa habari ya rufaa atasikia.

Kijana alikuja Jumamosi mchana, siku kumi tangu aitwe kupewa jibu, akamkuta dada yake anamenya viazi.

"Wamenikatalia, dada. Lakini yule msimamizi muungwana, jamani! Kanishukuru, kakumbuka mpaka siku ile niliyozima moto kwenye mashine. Nikakosa hata la kusema."

Kisu kikasimama. "Alikwambia una siku saba za kukata rufaa?"

"Alisema kitu, ila nilishafika mlangoni. Siku saba za nini?"

Dada akahesabu: siku saba zilishapita. Akalia waziwazi juu ya beseni la viazi.

"Usilie bwana, dada. Wamesema mwakani wataniangalia."

Sentensi hiyo nayo aliiandika yeye.

Jumatatu alisimama mbele ya wasimamizi wapya sita. Bosi alikaa nyuma, miguu kainyoosha. Mmoja akainua mkono.

"Na hiyo ya rufaa, mama, tunaisema wakati gani?"

Akamtazama bosi, akatazama karatasi yake.

"Mwisho," akasema. "Mkishasimama."