Salamu ya Kila Asubuhi

Kompyuta yangu niliiunganisha mwenyewe, hapa Nyegezi, kwa vipuri vya mashine tatu zilizokufa. Mfumo mpya ulipotoka ukaikataa: kifaa hiki hakikidhi vigezo. Fundi mmoja wa Buzuruga akanishauri ninunue nyingine. Mimi sipendi kuambiwa na mashine kwamba muda umekwisha. Nikapuliza wadudu wa ziwani waliofia kwenye feni, nikahamishia nyaraka zangu zote kwenye flashi, nikafuta diski, nikaupitisha mfumo mpya kwa mlango wa nyuma.

Ukakubali. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha upya, na kabla kioo hakijawaka nikasema, "Marahaba."

Hakukuwa na aliyenisalimia.

Binti yangu, akiwa darasa la tatu, alirekodi sauti yake nikaiweka iwe mlio wa mashine ikiwaka: "Shikamoo, baba." Nimeiitikia kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, hata baada ya yeye kwenda Dar na mama yake kurudi kwao Misungwi. Sauti ile ilikaa ndani ya mfumo wa zamani, si kwenye nyaraka, na sikuikumbuka nilipofuta diski. Ningeweza kumpigia simu arekodi tena. Lakini sasa ana sauti ya mtu mzima, na salamu zake huja kwa meseji, herufi nne tu: shkm.

Kesho yake niliiwasha tena. Nikasikiliza feni ikizunguka mpaka ikatulia. Kisha nikaitikia.