Samaki Tuliyemwita Arbab

Kizibo cha chupa kilicholoa kina harufu yake. Si ya mvinyo peke yake. Kuna ubao mbichi ndani yake, na kitu kama stoo iliyofungwa siku nyingi. Naifahamu vizuri kwa sababu kila mchana, hapa Dubai, nikimaliza kuondoa sahani mezani katika hoteli ninayofanyia kazi, huokota vizibo walivyoacha wageni. Wenzangu huvitupa. Mimi hutia kimoja mfukoni, nikapanda nacho basi la wafanyakazi hadi International City, kwenye chumba chetu cha vitanda sita, kila mtu na pazia lake na simu yake. Huko, upande wangu wa pazia, nakinusa. Msinicheke. Mtu anayekaa na watu watano asiowajua vizuri hujipatia vijitabia vyake.

Harufu hiyo ililetwa kwetu Murang'a na Baba nilipokuwa na miaka minane. Alikuwa askari wa lango katika hoteli moja huku huku Dubai, na kila baada ya miaka miwili alikuja nyumbani kwa likizo ya miezi miwili. Nilimjua zaidi kwa sauti ya simu kuliko kwa sura. Siku aliposhuka garini nilijificha nyuma ya tangi la maji, nikamchungulia akimsalimia kila mtu huku macho yake yakitafuta kitu. Alipata kiatu changu kwanza, kisha mimi. Akaniita "Mama," kwa kuwa nimepewa jina la mama yake mzazi, Wangari, na mimi sikujibu kwa sababu sikujua mtu mzima mwenye ndevu anaitikiwaje akikuita mama.

Siku za kwanza hatukuwa na la kusemezana. Aliniuliza shule ikoje, nikasema ni nzuri. Kesho yake akaniuliza tena. Nadhani ndipo alipofungua begi lake na kutoa mshipi wa kuvulia, ndoana tatu na kizibo cha mvinyo. Alifundishwa kuvua na Mfilipino aliyelala kitanda cha juu yake, wakienda wote kwenye maji ya Creek, ule mkono wa bahari unaokatiza mji, siku yao ya mapumziko. Cucu, yaani huyo bibi ninayeitwa jina lake, alikichukua kile kizibo, akakinusa, akamtazama mwanawe. Alikuwa mwekahazina wa akina mama wa kanisa na pombe aliijua kwa pua tu. Baba alipoeleza kwamba ni cha kuvulia samaki, mambo yakazidi kuharibika, maana wazee wa kwetu hawali samaki.

"Nyoka wa majini hatapikwa na sufuria yangu," Cucu alisema.

Kwa hiyo tulipikia nje, kwenye mawe matatu nyuma ya zizi, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliokatwa mdomo. Cucu alipitapita pale akijifanya anatafuta kuku, pua juu. Samaki wenyewe walikuwa wadogo kama vidole, miiba mitupu, na sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Mto wetu ni mdogo, mtu mzima huuvuka kwa hatua nne, isipokuwa pale chini ya daraja la mbao ambapo maji husimama na kuwa meusi. Baba alitoboa kizibo kwa msumari wa moto, akapitisha mshipi katikati, kisha akakikaza kwa njiti ya kiberiti ili kisiteleze. Hicho ndicho kilikuwa chelezo chetu. Chini yake ulining'inia mshipi, na mwishoni ndoana yenye nyungunyungu. Kazi yangu ilikuwa kukitazama kizibo. Kikicheza, nimguse Baba mkono, nisiseme neno. Tulikaa hivyo kila asubuhi, mabega yakigusana, tukitazama kitu kimoja, na sikumbuki tena kuona haya kwa kuwa hatuna la kusema.

Siku moja tulimwona mkubwa. Alijitokeza polepole kutoka kwenye kivuli cha daraja, mgongo wa kijani, tumbo nene, na mdomo mdogo ajabu kwa mwili ule. Alikaa chini kabisa, karibu na mchanga, akisubiri chakula kimfikie. Baba alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kofia.

"Huyo ni arbab kabisa," alininong'oneza. Huku Ghuba ndivyo wanavyomwita bosi mwenye kazi yake. "Mwangalie. Hafanyi chochote, anangoja kuletewa. Mama, mimi siondoki hapa kabla ya kumla huyu."

Jamani, mtoto ni mtoto. Nililisikia neno hilo nikalishika kwa mikono miwili. Baba amesema haondoki kabla ya kumla Arbab. Basi Arbab asipopatikana, Baba haendi kokote. Hesabu ilikuwa rahisi, na sikumwambia mtu.

Kila jioni tulirudi mtoni, na kabla ya kukunja mshipi Baba alifunga jiwe kwenye ndoana na kulishusha mpaka liguse mchanga, ili ajue kina. Kisha alisogeza kizibo mahali pake, chambo kipate kuning'inia chini pale Arbab alipokaa. Alifanya hivyo jioni ili asubuhi tusimshtue kwa mawe. Ufito wa kuvulia, pamoja na mshipi wake, aliuegemeza nyuma ya stoo. Na kila asubuhi, Baba akinywa chai, nilizunguka nyuma ya stoo, nikachomoa ile njiti, nikakiteremsha kizibo kuelekea ndoana, nikarudisha njiti. Tukifika mtoni, chambo kilielea juu, mbali na samaki mwenyewe, nasi tukakitazama kizibo kisichocheza asubuhi nzima. Nilikuwa na furaha kubwa na hatia kubwa, vyote kwa pamoja, hata chai ilinishinda.

Jioni, Baba alipopima tena, alitikisa kichwa. "Mto huu una mambo," alisema. "Jana maji yalikuwa hapa, leo yako pale."

"Labda ni jua," nilijibu.

"Labda ni jua, Mama," alisema, akakipandisha kizibo.

Tuliendelea hivyo wiki tatu. Hata wale samaki wadogo wa kupikia mkebeni tukawakosa, na Cucu akamshukuru Mungu waziwazi kwenye sala ya chakula. Kisha ikaja asubuhi moja nilipozunguka nyuma ya stoo na kukuta kizibo kimeshateremshwa. Kilikuwa chini kuliko nilivyowahi kuthubutu, shubiri moja tu kutoka kwenye ndoana. Nilidhani Baba alisahau kupima jana yake. Nikafurahi kwamba leo nimepunguziwa kazi, nikaenda kunywa chai yangu yote.

Mtoni tulikaa kuliko siku nyingine zote. Chambo kilionekana kwa macho, kikicheza juu juu ya maji, na Arbab chini hakujishughulisha nacho. Baba hakutazama kizibo. Kila nilipogeuka nilimkuta ananitazama mimi, na nilidhani nina uchafu usoni, nikajifuta. Hatimaye akainuka, akakunja mshipi bila kupima.

"Yalla, twende," alisema. "Arbab ameshinda. Khalas, yamekwisha."

Gari la kumpeleka uwanja wa ndege lilikuwa uani tulipofika. Begi lilikuwa tayari mlangoni. Mama yangu alikuwa amevaa nguo za kanisani siku isiyo ya kanisa, na hapo ndipo nilipoelewa. Nilipiga kelele kwamba bado hatujampata, kwamba alisema haondoki, kwamba ni mwongo. Cucu alinishika mabega. Baba aliinama kufunga kamba za viatu na alikaa ameinama vile muda mrefu mno, kwa mtu mwenye viatu viwili tu. Alipoondoka sikumpungia mkono.

Nilimwita mwongo moyoni kwa miaka mingi. Akipiga simu, nilisema shule ni nzuri, nikampa mtu mwingine. Likizo iliyofuata alitoa mshipi, nikasema nina mtihani. Hatukwenda mtoni tena, na leo Baba hayupo wa kuombwa radhi.

Mwezi wa nne uliopita nilikuwa nyumbani kwa likizo yangu mwenyewe. Binti yangu Nyambura ana miaka sita na anakaa na Mama. Asubuhi ya kuondoka, kiatu changu kimoja cha safari kilikuwa hakionekani. Nyambura alikaa kizingitini akichezea kidole cha mguu, hanitazami. Na hapo hapo, kamba ya kiatu nikaiona, imening'inia nje ya kapu la kuku wanaotaga. Nikakumbuka kizibo kilichokuwa chini, shubiri moja kutoka kwenye ndoana, nami sikuwa nimekigusa. Ni Baba aliyekiteremsha.

Mama alipiga kelele kwamba nitaachwa na ndege. Dereva alipiga honi. Nikapiga magoti nikatazama chini ya kitanda, kisha nyuma ya kabati, kisha chini ya kitanda tena, nikiuliza kwa sauti kubwa jamani hiki kiatu kimekwenda wapi, na kila nilipopita mbele ya lile kapu, nilitazama upande mwingine.