Bibi Hakubaki Chini

Wiki nzima kabla ya safari, nyumba yetu ya Darsait, Maskati, ilinuka iliki. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikaanga visheti na kuvijaza kwenye makopo ya maziwa, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba Uturuki nako watu wanakula. Nje, joto la Julai liliunguza hata kitasa cha mlango, na ndani tulikuwa tukigombania masweta. Nilikuwa na miaka kumi, mtoto wa kike mwenye mdomo, kama walivyokuwa wakinisema. Mdomo ule siujutii.

Aliyepanga safari alikuwa Ami Nasor, kaka mkubwa wa baba. Ami alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati angali mdogo, akasoma, akapanda cheo. Kiarabu chake kilinyooka kabisa, naye alikilinda kama mtu anavyoilinda kanzu nyeupe karibu na mchuzi. Mwaka ule alimwalika mkubwa wake wa kazini, pamoja na mkewe, watukute huko. Kabla ya kuondoka alitukusanya watoto akatuonya kwamba mbele ya wageni tuseme Kiarabu tu. Bibi hakumwonya. Kiarabu cha Bibi kilikuwa cha salamu na sala. Mengine yote, tangu ugomvi hadi mapenzi, aliyasema kwa Kiswahili, na kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka ghorofani.

Mlima tuliokwenda kuuona umo ndani ya hifadhi ya taifa, juu ya mji wa Bursa, na watu hupandishwa kwa telefriki, vile vibanda vya kioo vinavyoning'inia kwenye waya. Kituoni palinuka grisi na mahindi ya kuchoma, na magurudumu ya chuma yalinguruma juu ya vichwa vyetu. Bibi alikuwa amejitanda kanga ya rangi ya chungwa juu ya buibui, juu yake koti la baba, na mkononi ana chupa ya chai. Ami akamtazama, akawatazama wageni, waliofika asubuhi ile na sasa wako mbele kwenye foleni, kisha akamwambia kwa sauti ya chini, "Mama, juu kuna baridi, miguu itakuuma. Bora ubaki hapa mkahawani, utuangalizie mikoba." Baba akainamia viatu vyake. Sote tulijua kwamba miguu ya Bibi haikuwa na kosa. Jana yake ndiyo iliyotuzungusha soko zima. Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikaketi sakafuni, nikasema kwa Kiswahili, kwa nguvu zangu zote, kwamba Bibi asipopanda na mimi sipandi. Foleni nzima ikageuka. Mama akanifinya bega. Niliogopa, lakini maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, kwa hiyo sikuinuka.

Aliyeniinua ni Bibi mwenyewe. "Inuka, mwanangu, sakafu chafu," alisema, kisha akamgeukia mwanawe. "Nna miguu, Nasor, na nna macho. Unaloliogopa si baridi. Sikuja Uturuki kulinda mikoba." Ami akaenda kupanda na wageni wake. Bibi akanishika mkono, tukaingia kibanda kilichofuata, wawili peke yetu, na mikoba ikamwangukia baba.

Mlango ukajifunga, kibanda kikaachana na kituo. Misonobari ilipita chini ya nyayo zetu, mapaa mekundu ya mji yakazidi kuwa madogo, upepo ukatutikisa. Bibi aliogopa, sisemi uongo. Alinibana vidole mpaka vikafa ganzi, akasoma Ayatul Kursiyyu, na alipomaliza akaanza kumsema Ami kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Tukacheka sana. Kisha kicheko kikamwishia, akasema, "Nimembembeleza utotoni kwa Kiswahili hiki hiki, leo ananionea haya." Akalia. Mpaka siku ile sikuwahi kumwona Bibi akilia, na sikujua mtoto afanye nini, nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

Kileleni baridi ilikuwa kali kweli. Ami na wageni walikuwa ukingoni wakipigana picha. Bibi akakaa kwenye benchi, akafungua chupa, akaniambia niwaite. Nikaita kwa Kiswahili, mbele ya wote: "Ami, njoo unywe chai, Bibi anakuita." Yule mke wa mkubwa wake akauliza kwa Kiarabu, mzee yule ni nani. Ami akasita, kisha akajibu, "Amekuja na watoto." Kiarabu cha Bibi kilitosha kulielewa hilo. Akamimina kikombe, akatembea mpaka kwa yule mama, akamwambia kwa Kiarabu chake kibovu, "Mimi mama yake." Halafu kwa Kiswahili, "Karibu chai, mwanangu." Yule mama akambusu Bibi kichwani, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Ami akageuka kutazama mabonde.

Bibi tumeshamzika. Mimi bado niko Darsait, na wanangu wanakiongea Kiswahili chake mezani, dukani na mbele ya wageni. Kuna wanaoniuliza kitawasaidia nini. Siwajibu, maana mkataa kwao mtumwa, na sikuzaa watumwa. Juzi alikuja Ami, mstaafu sasa, amefiwa na mkewe. Wajukuu zake wanajua Kiarabu na Kiingereza, basi. Aliniambia kwamba siku hizi maneno ya utotoni yanamjia na hana wa kumwambia. Akaniomba awalete kwangu kila Ijumaa niwafundishe. Nilimwambia nitawafundisha kwa sharti kwamba na yeye akae nao, na somo la kwanza alitoe mwenyewe: awaeleze wajukuu zake, kwa Kiswahili, bibi yule kule kileleni alikuwa nani. Akaniuliza kama ninamwadhibu. Nikamwambia ndiyo.