Pikipiki Iliyoota Moto

Kuna asubuhi moja ya mwezi wa sita ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, na tangu juzi uliponionyesha ile picha ya pikipiki unayotaka kununua, imenirudia yote. Keti. Pikipiki haikimbii, na ikikimbia kabla hujailipia, shukuru.

Miaka ile nilikuwa kijana wa mashine. Nilifanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe, kwenye kampuni ya madini hapa Likasi, na nilijiona mtu mzima kuliko baba yangu. Nilikuwa nimempenda Ngoie, binti wa kule Mulungwishi, yule yule unayemwita nkambo leo, bibi yako anayekukaripia ukimaliza sukari. Baba yake, Ba Kilufya, alikuwa mkulima wa mihogo na mtu wa maneno machache. Alikuwa ameniambia kwamba mkwe anayekuja siku malori yanapotaka si mkwe, ni abiria. Kisha akanipa Jumapili moja, baada ya ibada, nije na mzee wangu kujitambulisha. Nisipokuja siku hiyo, nisirudi tena.

Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikatuma salamu kwamba nitakuja kwa pikipiki yangu mwenyewe. Pikipiki sikuwa nayo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini methali hiyo nilikuwa bado naisikia kwa sikio moja.

Kasongo, mkubwa wa zamu yetu, alikuwa na pikipiki ya zamani aliyotaka kuiuza. Aliniita kwake, upande wa Kamatanda, siku moja jioni. Nilipofika ilikuwa tayari inanguruma uani, nyekundu, imepakwa rangi hata mahali pasipohitaji rangi. Nikainama nikasikiliza. Ililia vizuri, mfululizo, bila kukohoa. Nikampa Kasongo neno langu papo hapo, nikamwambia nitakuja na mzee wangu Jumamosi jioni, tumalize.

Mzee wangu alikuwa Ba Mwepu, ndugu wa mama, aliyetengeneza baiskeli na pampu za maji kwenye njia ya Buluo. Ndiye angenisemea kwa kina Ngoie, na ndiye angepanda nyuma yangu. Nilimweleza habari ya pikipiki nikitegemea sifa. Yeye aliendelea kubandika kiraka kwenye mpira wa baiskeli, kisha akauliza bila kuinua kichwa:

"Uligusa motere mbele bayiwashe?"

Nikamwambia haikuwa lazima kugusa injini kabla haijawashwa, niliisikia inavyolia, na mimi ni mtu wa mashine.

"Mashini ya kule kazini, ulishaka ona inalala?"

Nikafikiri. Kile kinu kilizunguka mchana na usiku. Zamu moja ilikipokea kikiwa cha moto kutoka kwa zamu nyingine, na tangu niajiriwe sikuwahi kukiona kimepoa.

"Njo vile," akasema. "Weye unajua mashini yenye kuamuka. Yenye kulala, hauyijue. Na siku ya kwenda kwa babukwe, itakuwa imelala usiku muzima mu baridi. Mugongo yangu njo itakaa kule nyuma, haiko yako."

Nilikasirika, mwanangu, sikufichi. Niliona ananidharau kazi yangu. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sisi watu wa kinu tulikuwa na kosa letu hilo wenyewe: tulidhani mashine inayolia vizuri ni mashine nzima.

Akaniambia twende Jumamosi alfajiri, si jioni kama nilivyoahidi. Nikamwambia ni aibu kumfikia mtu kabla hajanawa uso. Akajibu kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kibaya zaidi huamka mapema kuliko mnunuzi.

Unaijua baridi yetu ya mwezi wa sita, nyasi zinakuwa nyeupe. Tulifika tukiwa tumeficha mikono makwapani. Kuzunguka nyumba, tukamkuta Kasongo amechuchumaa kando ya pikipiki, na chini ya injini ameweka mbabula, jiko la makaa, makaa yamekolea mekundu. Alikuwa anaipasha moto kama mtu anayemwotesha mgonjwa. Petroli juu, makaa chini. Mpaka leo sijui Mungu aliwahurumiaje watoto waliolala ndani.

Mimi nilitaka ardhi inimeze, kana kwamba mwizi nilikuwa mimi. Ba Mwepu akasogea, akalivuta lile jiko polepole mpaka mbali na pikipiki, akachuchumaa, akanyoosha mikono juu ya makaa.

"Aksanti kwa moto, Kasongo," akasema. "Baridi iko mingi."

Tukaota moto sisi watatu mpaka injini ikapoa. Kisha Ba Mwepu akaniambia nipige teke la kuwashia. Kanyagio likashuka laini, bila ubishi, kama kijiko kwenye uji, dalili ya injini iliyokwisha nguvu ndani. Nikapiga mara ishirini, jasho likanitoka, injini ikakohoa tu. Akaniambia niinue tangi. Chini yake, penye shingo ya fremu, akakwaruza rangi kwa ukucha, tukaona mshono wa kuchomelea, na ufa mpya umeanza pembeni yake. Ingevunjika pale, kwenye mteremko wa kwanza, na mzee mgongoni.

Kasongo aliinama. Alisema kila alfajiri huipasha hivyo ndipo iwake, kwamba alikuwa na shida, na kwamba na yeye aliuziwa ikiwa ya moto. Ba Mwepu hakumtukana. Alimwambia tu asimuuzie mtu mwingine mpaka amemwonyesha ule ufa. Nami nikalirudisha neno langu kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya mkubwa wangu wa kazi. Kulirudisha kulikuwa kugumu kuliko kulitoa.

Mchana ule, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, nilimpakia Ba Mwepu kwenye baiskeli yake. Vilima vyote alishuka akatembea, akiimba. Tulilala kwa rafiki yake njiani, na Jumapili kina Ngoie walipotoka kanisani walitukuta tumesimama mlangoni kwao, abakosi yangu, suti mpya, imekuwa na rangi ya barabara.

Ba Kilufya aliitazama baiskeli kwa muda mrefu. Akauliza pikipiki iko wapi. Ba Mwepu, aliyekuja kunisemea, akaniachia nijibu mwenyewe. Nikasema kweli yote: majivuno yangu, makaa, ufa. Ngoie alikuwa ameshika kibuyu cha munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na nilimwona anauma mdomo asicheke.

"Muzuri," akasema Ba Kilufya. "Basi na weye umefika hapa na moto yako. Utalala. Kesho, mbele ya jua, tutakuangalia."

Kulipopambazuka nilikuwa shambani, mikono imekufa ganzi, nalima matuta nyuma yake. Tulilima mpaka jua lilipopanda. Ndipo akamwita mke wake alete bukari, ugali wetu, akaniita mwanawe. Nyota njema huonekana asubuhi.

Pikipiki niliipata mwaka uliofuata. Nilifika kwa mwenye nayo alfajiri bila kutuma habari mapema, nikaweka kiganja kwenye injini kabla ya salamu kuisha. Ilikuwa baridi kama jiwe, na ikawaka teke la pili. Ilimpeleka mama yako hospitalini kuzaliwa.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda asubuhi. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, kaa usubiri ipoe, hata wakikuchukia. Sikia ubishi wa kanyagio. Inua tangi, kwaruza palipopakwa rangi sana, tikisa magurudumu, soma jina kwenye karatasi. Nenda na mtu atakayepanda nyuma yako, maana yeye ana sababu ya kuchungulia. Na neno lako usilitoe jioni.

Mungu akupe safari ndefu na breki zinazoshika, akupe watu wa kukuambia kweli kabla ya mteremko. Na siku watakapokujia na wewe alfajiri, bila taarifa, wakukute unawaka bila makaa.