Aliyemfuta Tabibu

Mbunifu ana mazoea ya kupuliza chai iliyokwisha kupoa, kisha kuisahau tena. Katika mchezo wake wa mtandaoni, ambamo maelfu huvaa uhusika na kupigana bega kwa bega, amevunja mwiko wa miaka mingi: amemfuta tabibu, mhusika ambaye kazi yake ni kuwatibu wenzake vitani. Sasa kila mpiganaji anajitibu mwenyewe. Matusi ya wachezaji huyasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa. Leo kampigia simu dada yake mkubwa, ambaye watoto wake wamekua wakahama, na ambaye siku zote amecheza kama tabibu.

“Mdogo wangu, sasa mtu akiumia, mimi nifanye nini?”

“Usifanye kitu, dada. Kila mtu na lake.”

“Kwa hiyo na huko nako sihitajiki tena?”

Mbunifu akakipuliza kikombe. Kilikuwa kitupu.