Binti yangu alikalia beseni la muhogo

Leo nimeomba msamaha kwa mutoto wa miaka kumi, mbele ya majirani.

Tangu mume wangu aache kazi ya kiwanda, tunalima huku njia ya Buluo. Muhogo wetu wa kwanza ni ule mchungu, wenye sumu. Mama mkwe alitufundisha: uloweke mpaka ulegee kabisa, ndiyo uanike. Ukiharakisha, unaumiza watu.

Lakini leo jua lilikuwa zuri sana! Nikaona ni dommage, ni hasara kulipoteza. Nikaenda kuutoa majini.

Binti yangu Mireille akafunika beseni, akakaa juu ya kifuniko.

“Maman, hapana. Iko bado ngumu.”

Nikamwambia atoke. Akakataa. Nikapiga kelele mpaka majirani wakaja kuchungulia. Alilia, jamani, lakini hakutoka.

Mara mama mkwe akafika na baiskeli. Nikamshtaki mtoto palepale.

Mama mkwe akaingiza mkono majini, akabonyeza kipande kimoja. Kigumu kama kuni.

Nilidhani atamkaripia Mireille. Akaniangalia miye.

“Ile siku nilikuwa nafundisha, huyu alikuwa anaangalia mikono yangu. Weye ulikuwa unaangalia telefone.”

Majirani walicheka. Nanyi mnicheke tu, ni haki yangu.

Lakini miye sikucheka. Nilikuwa nafikiria sahani ya mdogo wake Mireille, na ile sumu ndani.

Nikapiga magoti mbele ya Mireille, nikamwambia, “Pardon, mama.”

Akapangusa machozi kwanza. Halafu akashika kidole changu, akakipeleka majini, akakibonyeza kwenye muhogo polepole ili nijue ngumu iko namna gani.