Sinia la Majani

Harufu ya siagi ya karanga ikikutana na ndimu hunirudisha New Site, Juba, kwenye kivuli cha ukuta wetu wa mabati, mama akikata matango. Siagi hiyo kwetu tunaiita dakwa, na saladi isiyo na dakwa watu wanaiona maji matupu.

Kiangazi kile sukari ilimpanda baba, na kidonda mguuni kikakataa kupona. Daktari alimwambia mbele yetu: anywe dawa, apunguze asida, ule ugali wetu, na nyama, ale mboga mbichi na matunda, la sivyo mguu utakatwa. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa. Tangu siku hiyo nikimwona mtu ameshika kisu, niliutazama mguu wa baba.

Mama alipanda boda boda mpaka soko la Konyo Konyo, akarudi na nyanya, matango, vitunguu, papai na jirjir, yale majani yanayowasha ulimi. Akaviosha kwa maji ya chumvi, akakatakata, akakamulia ndimu, akampakulia baba sahani yake ndogo. "Mgonjwa haulizwi uji," alininong'oneza.

Shida ni kwamba jioni hatukukosa wageni, marafiki wa baba, na kwetu wanaume hula pamoja kwenye sinia moja, wanawake kando. Heshima ya nyumba ni sinia lake. Baba aliitazama sahani ile, akaisukuma.

"Mimi iko mbuzi? Mimi nakula peke yangu, watu wanaangalia?"

Akanawa mikono, akamega asida na wenzake. Ikawa hivyo kila jioni, na kidonda kikaanza kunuka.

Jumapili moja tulipotoka kanisani, mama hakusonga asida. Alijaza saladi kwenye lile sinia kubwa, akachanganya dakwa, akapanga papai pembeni, akalitua katikati ya wanaume. Mzee Wani, rafiki mkubwa wa baba, alichokoachokoa kama anayetafuta nyama iliyojificha chini ya nyanya.

"Mama Keji, chakula iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, shemeji. Karibuni."

Walionja kwa adabu, wakaaga mapema. Kesho yake akawapa saladi tena. Wakaendelea kupungua, mpaka baba akabaki mwenyewe na viti vitupu. Majirani wakasema mwanamke aliyekulia Kenya amefukuza wageni kwa majani. Niliona aibu hata kwenda kuteka maji.

Baba aligoma kula. Ndipo mama akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwetu: alinawa mikono, akaketi mbele ya mumewe, akaanza kula kwenye sinia lile lile. Baba aligeuza uso. Mama akaendelea kutafuna, taratibu. Baada ya muda mkono wa baba ukaja, ukachukua kipande cha tango.

Miaka mingi nilidhani mama hakujua adabu za Juba. Nilipoolewa nikawa na wageni wangu wa kulisha, ndipo nilipoelewa kwamba alizijua sana. Alijua watu wataondoka, jina lake litachafuka, na baba atamchukia kwa hilo. Akakata matango hivyo hivyo.

Baba anatembea kwa miguu yake miwili mpaka leo, na mpaka leo hajamsamehe mama.